Moyo wa Mpingo wa Da' Filo

Naweka dau, chipsi mayai na soda baridi: Mwenge nzima, soko letu la vinyago, hakuna atakayeniamini. Da' Filomena wa kibanda cha pili kutoka changu kasoma baiolojia na simu, kwa mdomo, huku anapiga msasa vinyago.

Dada huyu ana miaka arobaini na sita, aliishia la saba. Mwaka jana akajiandikisha mtihani wa maarifa, ule unaokufungulia njia ya kufanya kidato cha nne. Akifeli anasubiri mwaka mzima, na bintiye Noela, wa kidato cha pili, ameshaanza kumtania: "Mama, tutakaa dawati moja." Kitabu hakishikiki, mikono ina vumbi kutwa. Noela akamwekea akili mnemba, ile ya kuongea nayo. Simu ikaning'inizwa kwenye msumari, wakawa wanapiga stori kama majirani.

Mie niliishia la nne, lakini kichwa ninacho, na mkono ndo usiseme. Nikamchongea moyo wa mpingo wa kusomea. Unafunguka katikati, ndani vyumba vitatu vinang'aa. Mafundi wote walikuja kushangaa.

Da' Filo akaiuliza simu. "Moyo wa binadamu una vyumba vinne," ikajibu, taratibu kama nesi.

"Muongo huyo!" nikaruka. "Dada, mwambie mie nachonga watu miaka ishirini!"

"Mwambie mwenyewe."

Nikaisogelea. "Oya sista, umewahi kushika moyo wewe?"

"Hapana kaka, sijawahi. Ila mnaweza kupasua wa ng'ombe mkahesabu. Vyumba vyake ni sawa na vya binadamu."

Mafundi wakacheka mpaka patasi zikawadondoka. Da' Filo hakucheka.

"Kornelio, mtihani Jumatatu. Twende buchani."

Tukarudi na moyo mzima. Akaupasua kwa kisu changu cha kuchongea, akaingiza kidole. "Kimoja. Viwili. Vitatu." Akanigeukia. "Haya mdogo wangu, hapa weka chako."

Nikaweka. Kikaingia.

Mchana tukaula na ugali. Jumatatu swali likaja kweli, chora moyo, naye akachora ule wa buchani. Kafaulu! Noela siku hizi hataki utani wa madawati, mama kamtangulia.

Naringa mpaka leo: bila kisu changu angepasua na nini? Na moyo wangu wa mpingo uko mezani kwake, anawekea penseli.

Ila vyumba ni vinne. Hapo nilikosea.