Fundi wa majiko ya nyama anayeanza kwa kupiga simu

Saa tatu asubuhi, Lorna Pruitt amepiga magoti nyuma ya nyumba ya Vernon Haskell, mjini Wichita, mkono umezama hadi kiwikoni ndani ya jiko la gesi la kuchomea nyama. Anachomoa kichomeo. Kinamvunjikia mkononi kama biskuti.

"Hiki ndicho kilichokuunguza nyusi, mzee."

Vernon, dereva mstaafu wa lori, anajipapasa uso. Jumapili iliyopita moto ulimrukia mbele ya wajukuu. Mkewe, Arlene, ameapa kwamba likija jiko jingine bovu, yeye atahamia kwa dada yake.

Lorna, 52, ana miaka kumi na mmoja katika ufundi huu, na hutengeneza majiko manne kwa siku msimu wa joto. Kabla ya hapo aliyauza dukani. Aliacha baada ya mteja mmoja kumrudishia mara tatu jiko ambalo Lorna mwenyewe alikuwa amemsifia.

"Nilikuwa nasifia kitu ambacho sijawahi kukifungua," anasimulia. "Niliona aibu. Nikataka kujua mle ndani kuna nini."

Vernon anamwonyesha tangazo kwenye simu: vichomeo sita, taa za buluu.

"Na hili je? Linang'aa kama gari la harusi!"

"Gari la harusi hurudishwa kesho yake," Lorna anacheka. "Ngoja tuwapigie wanaoliunda, tuone kama hutunza vipuri."

Anaweka spika wazi, anaulizia kichomeo cha jiko ambalo kampuni hiyo iliuza miaka minane iliyopita. Anajibiwa kwamba vipuri vyake havipo tena, anunue jipya.

Anapigia kampuni ya pili, yenye jiko la vichomeo vitatu tu kwa bei ileile. Mwanamke anayepokea anauliza namba iliyo ndani ya mlango wa jiko, na Lorna anamtajia ya jiko lao la zamani alilowahi kulitengeneza.

"La miaka kumi na sita? Vipo, mama. Nikutumie wapi?"

Vernon anamgeukia mkewe. Arlene keshachukua kalamu kuandika jina la kampuni.

"Taa za buluu utafunga Krismasi," anamwambia.

Mwakani Lorna anataka kukodi gereji ya jirani na kuanzisha darasa la Jumamosi, kila mtu ajifunze kulifungua jiko lake. Arlene amekuwa wa kwanza kujiandikisha.

"Wanunuzi wakianza kuchungulia ndani kabla ya kuuliza bei, watengenezaji wataongeza unene wa chuma," Lorna anasema, akifuta masizi mikononi. "Hapo mimi nitakosa kazi. Na nitafurahi kweli."