Mzee Gona na Mtutu Mpya

Baba mkwe wangu, Mzee Gona, baba wa mume wangu Katana, ametengeneza bunduki miaka thelathini na minne katika karakana ya Gershom hapa Changamwe. Karakana ina leseni, na wateja wake ni kampuni za ulinzi na wenye ranchi. Mimi ndiye mpika chai wao, kwa hivyo mengi nayaona, na mwanangu Kafedha mgongoni.

Mwaka jana Baba alitolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliporudi, kazi kubwa zilikuwa zishahamia kwa Wafula, fundi kijana. Yeye akaachiwa kusugua kutu na kupaka mafuta. Hakulalamika, lakini chai yake ilikuwa ikipoa mbele yake bila kunywewa.

Mwezi wa nne ikaletwa bunduki kuukuu ya kuwindia, kutoka ranchi moja upande wa Taveta. Uwindaji ulipigwa marufuku zamani, ila wenyewe waliendelea kuiweka kwa leseni, kulinda mifugo. Mtutu wake ulikuwa umelika. Ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ili iende sawa ilikuwa imefutika. Mtutu mpya ulipofika, Baba akaiomba kazi ile.

"Sawa, Mzee," Gershom akamwambia. "Lakini ikikataa kupiga sawa, ukapumzike nyumbani. Tusilaumiane."

Niliangalia alivyoufungua mtutu wa zamani, polepole, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala. Akaufunga mpya, akapima, akafungua, akasugua kidogo, akafunga tena. Siku mbili nzima. Kisha bunduki ikakaa stoo wiki mbili kungojea karatasi za polisi, na mvua ya masika haikatiki. Hata chumvi jikoni iligeuka maji.

Jumamosi tukaenda kwenye machimbo ya mawe kule Mazeras, panapofanyiwa majaribio, mimi nimebeba chai na mahamri. Mwenye ranchi alikuwepo. Gershom akalala chini, akapiga risasi tatu. Moja juu, moja kushoto kabisa, ya tatu haikugusa hata karatasi.

"Mzee, hii fisi wataifurahia," Wafula akacheka.

"Nenda ukasimame nao, tuone kama nitakukosa," Baba akamjibu.

Watu wakacheka, lakini Gershom alikuwa ameinamisha kichwa. "Baba Katana," akasema taratibu, "si tulikubaliana?"

Baba aliichukua bunduki, akahakikisha haina risasi, akaipapasa mbao yake inayoushika mtutu, kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha akaniita.

"Mama Kafedha, nipe hilo gazeti ulilofungia mahamri."

"Abee, Baba."

Nikamchania kipande. Akakipitisha kati ya mtutu na mbao, akakivuta kurudi nyuma. Kikaenda vizuri, halafu katikati kikakwama, kikachanika. Baba akacheka peke yake.

"Mtutu hauna neno. Ni mbao hii. Imetoka Taveta kukavu, sisi tukaitundika wiki mbili kwenye unyevu wa bahari. Imevimba, inausukuma mtutu."

"Mbao niliipima mimi!" Wafula akasema.

"Uliipima lini?"

"Siku ilipofika."

"Basi tangu siku hiyo imekula wali wa nazi, imenenepa."

Akaketi juu ya jiwe, akautoa mtutu kwenye mbao, akawa anakwangua kwa patasi ndogo na msasa, vumbi la mbao likimwagikia magotini. Nusu saa nzima hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe. Akaurudisha mtutu, akapitisha kipande kingine cha gazeti. Kikateleza hadi mwisho.

Wafula akabandika karatasi mpya, Gershom akalala tena chini. Risasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwa mbali niliona matundu mawili tu, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Gershom alikuwa ameshafika kwenye karatasi, anapiga kelele kama mtoto.

"Ya tatu imepita ubavuni mwa ya pili! Zote tatu unazifunika kwa kizibo cha soda!"

Mwenye ranchi akamshika Baba mkono kwa mikono miwili. Wafula akasogea, bila kucheka safari hii. "Mzee, nionyeshe tena hiyo ya gazeti."

"Nitakuonyesha. Na tukifika karakana utaipaka mbao mafuta, maji yasiingie tena."

"Kuna bunduki nyingine mbili za ranchi," Gershom akasema. "Nikuletee kesho nyumbani tuzungumze?"

"Kesho niko kanisani. Jumatatu."

"Jumatatu, Mzee," Gershom akajibu, kwa sauti ya mtu anayeomba.