Kidole cha Bwana Mkubwa Mnarani

Redio haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa kidole cha bwana mkubwa wangu, Mwingereza aliyeongoza ndege kutoka mnarani, enzi hizo kiwanja cha upande wa Kipawa kikiwa bado kipya. Maiki yetu ilikuwa na kitufe: ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Yeye akikasirika alikibana mpaka hasira iishe, na rubani huko juu hata apige kelele vipi, hatumsikii. Nilimkumbusha hadi nikachoka. Mimi nilikuwa karani wake tu, wa kupokea simu na kuandika hali ya hewa.

Kiwanja hicho kilikuwa kimeikata njia yetu ya makaburini. Wazee walikubaliana na serikali kwamba maiti ataendelea kupitishwa pale pale, mradi askari wa getini atupigie simu kwanza, nasi tuzuie ndege.

Asubuhi moja askari akapiga akiwa amechelewa. Jeneza la jirani yetu wa Temeke lilikuwa limeshaingia kiwanjani, na mbele kabisa, limemkaa begani, alikuwa mjomba wangu. Jeneza halisimamishwi, watu hupokezana huku wanatembea, tena upesi. Na ndege ilikuwa inakuja kutua.

Nikamwambia bwana mkubwa. Badala ya kumwonya rubani, akafungua dirisha na kuanza kuwafokea wazikaji, maiki mkononi, kitufe kimebanwa.

"Bwana, kidole! Achia!"

"Usinifundishe kazi!"

Loh! Mtu mzima anagombana na jeneza! Rubani alikuwa anasikia makelele tu, hata hajui anafokewa nani. Ndege ikazidi kushuka. Nikampokonya maiki, nikamwambia rubani kwa Kiingereza changu cha shule kwamba asitue, apande, kuna watu njiani. Nikaachia kitufe.

Sauti ya rubani ikasema, "Napanda."

Ndege ikapita juu yao, kanzu zikapepea. Jeneza halikusimama.

Bwana mkubwa akanipa onyo kali kwa kugusa maiki bila ruhusa. Jioni nikaenda msibani, nimechoka na dunia, nikamwamkia mjomba. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Tulikuona dirishani," akasema mbele ya watu wote. "Jirani yako anapelekwa kuzikwa, wee uko juu unachezea redio. Hata hatua mbili za kumbeba zimekushinda?"

Nilitaka kumweleza habari za kitufe. Nikamtazama alivyokaa pale mkekani, mzima, amevimba kwa hasira, nikayaacha hayo, nikaketi kando yake.