Masizi Kwenye Shuka la Mdachi

Mpaka leo nikiona pipa lililojaa maji, hasira hunipanda, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Sikuwa na hata mwaka tangu nimalize shule ya misheni kule Masasi, nikachukuliwa na Mdachi mmoja, mpima ardhi, niwe mkalimani wake. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Njaa yake bado. Bwana huyo alitembea na nyumba yake: gari la mbao lenye kitanda, meza na pazia, likikokotwa kwa kamba na watu, maana ng'ombe huku wanauawa na mbung'o. Ndivyo lilivyopandishwa mpaka Newala, kijijini kwa mama yangu.

Asubuhi moja mshale wa chombo chake cha kupimia hewa ulishuka mno. Akasema kimbunga kinakuja kutoka baharini, na gari lisipinduke. Yeye mwenyewe angejihifadhi bomani, ndani ya kuta za mawe. Tukapigilia vigingi, lakini katika mchanga wa kwetu viling'oka kwa mkono mmoja. Mawe pale kijijini hakuna. Akaniuliza mimi, msomi, tufanye nini. Nikawaza upepo ukitoka mashariki, nikawaza ukigeuka, nikawaza kamba zikilowa na kulegea. Mwisho nikakumbuka somo la uzito, nikasema mapipa yake manne yajazwe maji, yafungwe chini ya gari.

Juu huku hakuna maji. Kisima kiko bondeni, na kupanda na mtungi kichwani ni kazi ya nusu siku. Hilo nimelijua tangu utotoni, lakini siku ile halikunijia. Akida, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na Wadachi, akatuma askari, wanawake wakakusanywa.

Alasiri waliibuka kwa mstari, mama yangu akiwa wa tano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamimina mtungi wake pipani. "Haya ya kunywa nani?"

"Si ya kunywa. Ni ya kulitia gari uzito."

Aliyekuwa nyuma yake akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mchanga huu tunaoukanyaga? Mwanao kasoma, mwenzangu, kasoma mpaka kausahau mchanga."

Kweli, magunia ya mchanga yangejaa kabla jiko halijawaka vizuri. Nilipomweleza bwana, alisema hataki vumbi karibu na gari lake, maji yaendelee.

"Paa langu nilikuwa nilifunge leo," mama akasema taratibu. "Mbegu ziko juu ya moshi."

Kwetu masuke ya mbegu hutundikwa juu ya jiko, moshi uwafukuze wadudu. Paa likienda, mtama wa kupanda umekwenda, na baada ya njaa ile hakukuwa na jirani wa kumwomba. Nikamwombea ruhusa, yeye na wenzake. Bwana akajibu neno moja: mapipa. Walipoachiwa, upepo ulikuwa tayari unapeperusha nyasi za mapaa.

Bwana akaenda zake bomani, akaniachia ufunguo nililinde gari. Nikautazama. Siku ile yote hilo ndilo jambo pekee ambalo sikuliwaza mara mbili.

"Mama, leteni mbegu."

Walileta masuke yao, meusi kwa masizi. Sakafuni maji yangeingia, kwa hiyo tuliyapanga kitandani, juu ya shuka jeupe.

Kimbunga kilipopita, nyumba ya mama ilibaki kuta tupu. Gari halikusogea hata shubiri moja.

Bwana aliporudi, mbegu zilikuwa zimekwishachukuliwa na wenyewe. Akanusa moshi, akaona shuka.

"Nani amelala hapa?"

"Hakuna mtu, bwana. Ni mtama."

Nikachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kwa kosa la kuchafua kitanda. Kisha akaamuru mapipa yamwagwe, gari liwe jepesi kwa safari. Mama alikuja na mtungi akaomba achote maji aliyoyapandisha mwenyewe. Akaambiwa anachelewesha watu. Mchanga ukayanywa yote mbele yake.

Ardhi ilikuwa bado imelowa, hivyo mama alipanda juma lile lile. Yeye alichimba mashimo, mimi nikafuata nikiyafukia kwa mguu, kwa kuwa kuinama na kukaa bado sikuweza.