Fundi Viatu Kwenye Darasa la Baleti

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, baba wa watoto watatu, nilipoanza kujifunza baleti. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila ninapomsimulia mtu huniuliza kama nilikuwa bado mtoto, na nikimjibu hapana, huanza kuniangalia miguu.

Kazi yangu ilikuwa kushona viatu. Niliipata Arusha mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na soko, nikakaa pale miaka kumi na mmoja nimeinamia kalibu za viatu mpaka mgongo ukazoea kupinda. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza walijenga kambi ya wakimbizi Tengeru, chini kidogo ya kwetu, kando ya barabara ya Moshi. Zilikuwa nyumba za duara zilizopakwa chokaa na kuezekwa nyasi, zimepangwa mistari mirefu, na humo wakawekwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Sisi Wameru tuliwashangaa. Walikuwa Wazungu, lakini walifua nguo zao wenyewe, walipalilia kabichi zao wenyewe, na walipanda mlima kwa miguu kuja kwetu kutafuta ndizi na mayai. Watu wanaotembea hivyo hutoboa viatu. Nikamuaga Mhindi, nikarudi nyumbani kwa mke wangu na migomba yangu, nikajenga kibanda cha ufundi karibu na lango la kambi.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa Kipolandi, mwembamba, mwenye mvi, umri wa mama yangu mdogo. Kilichonifanya niinue kichwa ni mwendo wake. Alikuja juu ya changarawe na sikumsikia. Alifungua kitambaa akanionyesha jozi ya viatu vilivyochakaa vibaya. Vilikuwa vyepesi kama soksi, havina kisigino, soli yake ndogo kuliko kiganja.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili alichookota sokoni, "wewe weza tengeneza kama hii? Kumi na mbili. Watoto wangu."

Nikamuuliza kama ana watoto kumi na wawili. Akacheka, akasema ni wanafunzi. Alikuwa mwalimu wa kucheza. Kwao, kabla ya vita, alikuwa amecheza kwenye jumba kubwa, na viatu vile alivibeba kifuani tangu siku walipotolewa nyumbani, akapita navyo kwenye nchi ya theluji walikokatishwa miti, kwenye treni, kwenye meli, mpaka Tengeru.

Nilimshonea jozi ya kwanza kwa turubai na ngozi ya mbuzi. Alirudi nayo siku ya pili. Soli ilikuwa ngumu. Nikailainisha, akairudisha tena, sasa kidole kilikuwa kinatokeza. Mara ya tatu aliviweka viatu mezani akanitazama.

"Wewe jua kiatu," alisema. "Hapana jua mguu. Njoo tazama."

Nikafunga kibanda mchana, nikamfuata. Darasa lake lilikuwa kwenye banda refu la kambi, sakafu ya mbao, na ukutani walikuwa wamepigilia fito ndefu ya mkaratusi iliyochongwa laini. Wasichana kumi na wawili walikuwa wameishika kwa mkono mmoja. Pembeni alikaa mzee wa Kipolandi na kodiani mapajani. Mwalimu alipiga kofi, mzee akavuta kodiani, na wale wasichana wote wakakunja magoti polepole, wakashuka na kupanda kama mtu mmoja anayevuta pumzi. Nilikuwa nimekuja kutazama soli. Nilijikuta sitazami soli kabisa.

Muziki ulipokwisha, mwalimu alinielekeza kwenye fito. "Sasa wewe. Fundi hajavaa, fundi hajui."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na watoto wangu wakubwa kuliko baadhi ya wale wasichana. Lakini nilivua viatu vyangu, nikasimama. Aliniambia nigusanishe visigino na kutanua vidole, mguu mmoja utazame Moshi, mwingine utazame Arusha, na mimi mwenyewe nitazame mlima. Miguu yangu ilikubali kutazama kwangu, kule kule mlimani, yote miwili, basi. Nilipokunja magoti yalilia kwa sauti, mzee wa kodiani akayasikia. Wasichana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka. Halafu mwalimu akaweka kidole kimoja tu katikati ya mgongo wangu na kusema, "Hapa. Nyoosha." Nikanyooka. Kitu fulani mgongoni kililegea, kitu ambacho nadhani kilikuwa kimekaza tangu mwaka wangu wa kwanza kwa Mhindi. Nilirudi kibandani nikiwa mrefu kidogo kuliko nilivyotoka.

Viatu vya jozi ya nne vilifaa, nikashona na zilizobaki mpaka zikatimia kumi na mbili. Kazi ikawa imekwisha, na sikuwa tena na sababu ya kwenda bandani. Nikakaa wiki nzima nikiitafuta. Mwishowe nikajishonea jozi ya kunitosha, kubwa kama mitumbwi, nikaenda nayo. Mwalimu aliitazama ile jozi, akanitazama mimi, akasogeza msichana mmoja kwenye fito nipate nafasi.

Nilikwenda Jumanne na Ijumaa, saa kumi alasiri. Miezi ya mwanzo nilikuwa mbovu kuliko wote. Mguu wangu haukupanda juu ya goti. Nikizunguka, nilitoka nikielekea dirishani na kuishia mlangoni. Wasichana walinizoea, wakaacha kunicheka, na mmoja, wa miaka kama tisa, akajitwika kazi ya kunisahihisha mabega. Jioni nilipopanda mlima kwenda nyumbani mapaja yalitetemeka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa sijajifunza jambo jipya tangu ujana. Nilikuwa nimesahau ladha yake.

Kisha siku moja tulifika kwenye kuruka. Mwalimu alituamuru turuke wima, mikono chini, shingo ndefu. Hilo nililijua. Kabla ya kubatizwa, mimi na vijana wa rika langu tuliruka hivyo hivyo kwenye ngoma, na mimi sikuwa wa mwisho. Nikaruka. Kodiani ilinyamaza katikati ya wimbo. Nilipotua, mbao ziligonga na vumbi likadondoka kutoka kwenye nyasi za paa.

Mwalimu alishika mashavu yake. "Panda kama ndege," alisema. "Shuka kama gunia la mahindi."

Tangu siku hiyo alinifundisha kutua. Vidole kwanza, halafu unyayo, kisigino mwisho, goti lipokee. Nilitua mara mia. Alikuwa akifumba macho na kunisikiliza, na kila nikigonga alitikisa kichwa. Ilichukua majira yote ya masika. Alasiri moja, mvua ikiwa imekatika, nilitua na yeye akabaki amefumba macho, akisubiri. Mwisho akauliza, "Fundi, bado juu?" Nikamwambia nimeshashuka. Alifungua macho na kunishika mkono kwa nguvu.

Siri haidumu mahali penye kisima kimoja. Mke wangu alirudi na maji, akatua ndoo, akasimama mlangoni.

"Baba watoto, nimeambiwa unacheza ngoma ya Wazungu."

"Ni kweli."

"Nimeambiwa unavaa soksi ndefu."

"Hapana. Ni suruali yangu ile ya kaki, nimeikaza chini kwa kamba."

Akafikiri. "Na hao wanawake mnashikana?"

"Tunashika fito."

"Fito?"

"Ya mkaratusi. Imepigiliwa ukutani."

Aliingia ndani, nikamsikia akicheka peke yake jikoni kwa muda mrefu. Nilijua kwa upande wake nimepona.

Kwa upande wa kanisa mambo yalikuwa mazito zaidi. Sisi tulikuwa Walutheri, na ngoma ilikuwa imekatazwa kwa wabatizwa. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani Jumamosi, akaketi kwenye kigoda, akakataa chai mpaka kwanza tuzungumze. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutabasamu.

"Kuna pombe huko?" aliuliza.

"Hakuna, mzee."

"Kuna matambiko?"

"Hakuna. Kuna kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne."

"Basi nionyeshe."

Nikasimama uani, kuku wakapisha. Nikaweka visigino pamoja, nikakunja magoti na kupanda mara nane, nikanyoosha mguu mbele, pembeni, nyuma. Jasho lilinitoka. Mke wangu alikuwa nyuma ya mgomba na kanga mdomoni. Mzee alitazama mpaka mwisho, kwa makini, kama anayekagua ng'ombe.

"Hii si ngoma," alisema. "Hii ni adhabu." Akaomba chai yake. Kabla ya kuondoka aliniuliza kwa sauti ya chini kama mazoezi yale yanasaidia kiuno, na nikamwonyesha moja analoweza kulifanya akiwa ameshika nguzo ya nyumba.

Mwaka ule mwalimu aliandaa onyesho la mavuno. Lilikuwa na harusi ya kwao kijijini, na alihitaji baba wa bibi harusi. Wanaume wa kambini walikuwa wazee au wagonjwa, vijana walikuwa vitani. Alinipa mimi nafasi hiyo. Niliambiwa baadaye kwamba Mwingereza mkuu wa kambi aliuliza kama inafaa, na mwalimu alimjibu kwamba ikiwa mkuu wa kambi anaweza kuruka na kutua bila kelele, yeye atafurahi kumpa nafasi hiyo. Hakuulizwa tena.

Lilifanyika Jumapili mchana baada ya ibada. Banda lilijaa. Wapolandi walikaa mbele, mkuu wa kambi kwenye kiti chenye mikono, na watu wetu kwenye mabenchi ya kando. Walikuwepo mke wangu na wanangu, na mzee wa kanisa aliyesema amekuja kuhakikisha. Nilivaa shati jeupe na mkanda mwekundu ambao mwalimu aliushona kutokana na pazia. Kuta na paa vilipambwa kwa minyororo ya karatasi za rangi, kazi ya watoto wa shule.

Niliingia nikitembea, kama nilivyofundishwa, kama mtu mwenye mashamba. Nilipiga goti mbele ya bibi harusi, msichana wa miaka kumi na sita aliyeogopa kuliko mimi. Kisha kodiani ikabadilika, na zamu yangu ya kuruka ikafika. Mara ya kwanza, vizuri. Ya pili, vizuri zaidi. Ya tatu sijui nilipata wapi nguvu, kwa sababu kichwa changu kiliingia katikati ya mapambo na mnyororo mzima wa karatasi ukang'oka kutoka mwisho mmoja wa banda mpaka mwingine. Nilishuka nao. Ulinizunguka shingoni mara mbili, wa kijani na wa njano, na ncha yake ikamwangukia bibi harusi kichwani.

Lakini nilitua kimya. Nilimwona mwalimu pembeni, mkono mdomoni, na nikajua anasikiliza. Nikachukua ncha ile ya karatasi, nikaiinua kama kitu nilichokusudia, nikamzungusha nayo bibi harusi, naye kwa akili zake akaizungusha kwa bwana harusi, msichana mrefu aliyevalishwa suruali, mpaka wote tukawa tumefungwa pamoja tukicheza. Watu walisimama kupiga makofi. Mama mmoja wa Kipolandi alilia, na mwalimu alinitafsiria baadaye kwamba alikuwa akimwambia jirani yake kuwa kijijini kwao hawakuwahi kuwa na desturi nzuri namna ile.

Tulipokuwa tukipanda mlima, watoto wakiwa mbele wanarukaruka njiani, mke wangu aliniuliza.

"Na wanawake wa huku, wanaruhusiwa?"

Jumanne iliyofuata tulikwenda wawili. Mwalimu alikuwa na zoezi la kuweka kitabu kichwani na kuvuka banda bila kukiangusha, na wasichana walikuwa wakilichukia. Alimpa mke wangu kitabu. Mke wangu, aliyekuwa amebeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka shamba la juu tangu akiwa na miaka saba, alivuka, akageuka, akarudi, akakunja magoti mpaka chini na kupanda, na kitabu hakikujua kama kimetembea. Mwalimu akawaita wasichana wote wakae chini.

"Tazama," aliwaambia. "Hii ndiyo shingo."

Tulisoma pamoja karibu miaka mitatu. Sikuwahi kuwa mchezaji mkubwa. Nilianza nimechelewa na kiuno changu hakikusahau kigoda cha Mhindi. Mke wangu alinipita kabla ya mwaka kwisha, na sikuona uchungu. Nilipenda kusimama nyuma yake kwenye fito na kumwona akinyoosha mkono, mwanamke niliyedhani namjua, na kila wiki kulikuwa na kitu kwake ambacho sikuwahi kukiona.

Kambi ilipoanza kufungwa, Wapolandi waliondoka kwa makundi, wengine Uingereza, wengine Australia. Mwalimu alikuwa kwenye moja ya malori ya mwisho. Alitukumbatia wote wawili mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa kawaida siku hizo, akamwagiza mke wangu asiniache nilegeze mabega. Walipokuja kubomoa lile banda niliomba ile fito ya mkaratusi, nikaipigilia kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, upande wa kahawa. Jumapili baada ya chakula tulikuwa tunasimama pale, yeye mbele, mimi nyuma, yeye akihesabu kwa Kimeru, maana alisema kwa Kimeru hesabu inakwenda taratibu zaidi na magoti yanashukuru.