Katikati ya Mbili na Sita

Juma lililopita nilipita Ziwani, mtaa wetu wa zamani, nikautafuta uwanja tulipokuwa tukianika nguo. Umejaa vibanda. Nikakumbuka hesabu iliyonishinda, ingawa huenda nimesahau mengine.

Ilikuwa miaka ya tisini, niko kidato cha pili. Aliyeanguka hesabu alirudia darasa, na mdogo wangu alikuwa kidato cha kwanza, nyuma yangu tu. Alishaanza kunichokoza: "Dada, niwekee kiti karibu na dirisha!"

Swali lilikuwa y = (x − 2)(x − 6): tafuta kipeo, pale chini mkunjo unapogeukia. Mabano yana alama ya kutoa, lakini mkunjo unakata mstari wa x kwenye mbili na sita, si hasi mbili na hasi sita. Mwalimu alieleza: ukiweka mbili, mabano ya kwanza yanakuwa sufuri. Alieleza mara mbili, sitamsingizia. Mimi ndiye sikushika.

Jumamosi moja nikifua na nyanya, alinizuia kuanika blanketi katikati ya kamba. "Hapo ndipo inaponing'inia zaidi. Litalamba vumbi, jirani atucheke mpaka Jumapili."

Nikaduwaa, maji yakinichuruzikia miguuni. Nguzo mbili: mbili na sita. Katikati ni nne! Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia: "Wee, kuna nyoka?"

Kwenye mtihani niliandika nne, nikaweka kalamu chini, nimeridhika kabisa.

"Umefika katikati," mwalimu alisema akirudisha karatasi, "lakini hujasema chini ni wapi. Rudisha hiyo nne kwenye mabano. Mbili mara hasi mbili?"

"Hasi nne. Sasa mwalimu, kamba imeingia ardhini?"

Darasa lilivunjika mbavu. Hata yeye alicheka. Alikuwa amenipa nusu ya alama, na ilikuwa haki yangu, lakini nusu haikunivusha.

Januari nikarudia kidato cha pili; mdogo wangu akaingia, akaketi kando yangu. Msichana mmoja mgeni akatugeukia: "Nyinyi ni mapacha ama?"

Nilitamani kutoweka. Mdogo wangu akajibu upesi: "Eeh, mapacha."

Sijui hadi leo kama alikuwa akinifichia aibu au akificha yake. Sijamuuliza. Nyanya ametutoka, jirani alihamia Njiru. Tulibaki mapacha hadi nilipoacha shule, na nikisema kweli, hatujawahi kuwa karibu vile tena.