Shokapu za Mama Walburga

Hironimus alizoea kufunga kilichokuwepo. Katika karakana ya serikali alikojifunzia ufundi, shokapu ya lori, lile bomba la kumeza mitikisiko, ikifa ulisubiri, na ikija yoyote ile ndiyo hiyo hiyo. Isipoenea ulichonga kipande cha tairi ukakibana hapo, lori likaenda zake na mahindi. Mchagua jembe si mkulima, mkuu wao alipenda kusema, na Hironimus aliliamini neno hilo kuliko mahubiri mengi ya Jumapili. Kisha biashara ikaachiwa huru nchini, karakana ikapunguza watu, naye akaanza kutengeneza magari uani kwake Mjimwema. Hata sabuni sasa ilikuwa na majina mengi, na mkewe Imaculata akimtuma dukani alirudi mikono mitupu, kwa kuwa hakujua achukue ipi.

Mtu huyo, jamani, ndiye aliyeletewa seti tatu za shokapu achague.

Aliyezileta ni Egidi, kijana wa jirani. Alikwenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani na, tofauti na wenzake wengi, akayapata. Kwa mkulima mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao akanunua gari la mbio la zamani, jekundu, la viti viwili, lililokaa chini kama kuku anayeatamia. Watu walicheka, lakini hakulinunua kwa majivuno matupu. Mama yake, Walburga, alikuwa na nyonga mbovu, na kila alipopanda basi kwenda hospitali ya misheni huko Mbesa, upande wa Tunduru, alilia njiani mpaka abiria wakaishiwa maneno. Egidi alimwapia kwamba akipata jiwe zuri, mama hapandi basi tena. Sasa siku ya kurudi hospitali ilikuwa inakaribia, na gari lilikuwa likigonga tumbo kwenye kila tuta.

Ndipo akaenda Dar es Salaam akarudi na seti tatu, maana siku zile aliyepata jiwe hakuchagua, alibeba zote. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama kisiki. Ya pili ilikuwa na pete chini ya springi, ukiizungusha kwa spana gari linapanda au linashuka. Ya tatu ilipanda na kushuka vilevile, na juu yake ilikuwa na kishikio kidogo: ukikizungusha huku inakuwa laini, kule ngumu. Hiyo ndiyo iliyomtisha Hironimus zaidi.

"Chagua wewe, fundi," Egidi alimwambia. "Mimi nataka mama asiumie, basi."

Maskini fundi akachanganyikiwa. Akiweka ngumu, tumbo la gari linapona na nyonga inateseka. Akiweka laini, nyonga inapona na gari linakwama kabla ya Namtumbo, mwanzoni tu mwa safari. Akilipandisha sana, linayumba kwenye kona. Beda, dereva wa lori, alimwambia barabara ile inaheshimu kitu kigumu tu. Violeth, muuguzi wa mtaani, akasema laini, tena laini sana. Imaculata akamshauri akamwulize mwenye nyonga. Hironimus aliona huo ni utani, kwani mwenye nyonga anajua nini kuhusu shokapu?

Mwishowe akarudi kwenye alichokijua. Karakana ilimfundisha kupima kwa mzigo, basi akachukua gunia la mahindi, akalifunga kwenye kiti cha abiria liwe ndiye mama, akatoka nalo barabara ya Tunduru. Alijaribu seti moja baada ya nyingine. Alipofika ya tatu akazungusha, akashuka, akazungusha tena, akisahau alikoanzia, hadi gunia likapita kwenye mashimo limetulia kama muumini kanisani. Alifurahi mpaka akaimba njia nzima ya kurudi.

Asubuhi ya safari Mama Walburga alitoka nyumbani ameegemea bega la binti yake Adela. Hironimus akamwamkia shikamoo, akamfungulia mlango kwa fahari. Kisha akaona Adela ameshika sufuria, beseni, dagaa na kitenge cha kubadilisha, na nyuma yao gunia la unga. Ndivyo watu wanavyokwenda hospitali, mgonjwa na wa kumpikia na kumuosha. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya hivyo kwa marehemu mama yake, akampeleka na dada yake. Ilikuwaje asikumbuke?

"Adela anakaa wapi?" Mama Walburga akauliza.

Egidi akasema Adela angefuata kwa basi, atafika baadaye.

"Na mpaka afike, utaniogesha wewe, Egidi?"

Hironimus akazunguka gari akitafuta kiti kingine, akijua hakipo, na aibu ilimchoma.

Wakakubaliana kama watu wanavyokubaliana pasipo njia nyingine. Mama, ambaye hata njiani alihitaji mwanamke wa kumshika akienda haja, akapanda basi na Adela, na Egidi angefuata na mizigo. Hironimus mwenyewe alilinyanyua gunia la unga, akalikalisha kwenye kiti alichokiandaa, akalifunga kamba.

Alisimama stendi kuwaaga. Basi likaingia shimo la kwanza hapo hapo getini, na sauti ya Mama Walburga ikamfikia kupitia dirishani. Gari jekundu likafuata nyuma, likapita kwenye shimo lile lile, na gunia halikutikisika.